Buti linafunguka likioshwa, mikono ikijaa halifunguki

Swali: Kaka fundi, nina Nissan X-Trail ya 2018 iliyotoka Japani, ile ambayo buti lake linafunguka kwa kupitisha mguu chini ya bampa. Kijana akiosha gari nyumbani, buti linafunguka lenyewe na maji yanaingia mpaka kwenye zulia. Lakini nikitoka sokoni mikono imejaa, napiga mguu mpaka watu wananitazama na halifunguki. Fundi mmoja amesema mota imekufa, ting'oe mfumo wote. Halafu juzi nilimshusha mume wangu stendi, akaondoka na rimoti mfukoni. Gari likaendelea kutembea vizuri, ila nilipozima kituo cha mafuta halikuwaka tena. Rimoti nilipewa hiyo moja tu. Na jirani ananitisha kwamba magari ya aina hii yanaibwa bila hata kioo kuvunjwa. Ni kweli? Nianzie wapi? *(Msomaji, Morogoro)*

Jibu: Dada yangu, kwanza kabisa usikubali chochote king'olewe. Buti linalofunguka lenyewe wakati wa kuoshwa halina mota iliyokufa, kwa sababu mota ndiyo inayolinyanyua. Hakikisha mwenyewe: gari likiwa kwenye P, bonyeza kitufe cha buti kwenye rimoti na ukishikilie kidogo. Buti likipanda mpaka juu bila kukwama, kisha likashuka na kujifunga, mota ni nzima na hakuna sababu ya kuilipia. Kama linasuasua, washa injini ujaribu tena. Betri ya gari ikiwa dhaifu, mfumo huu ni kati ya vitu vya kwanza kugoma, na hapo wa kushughulikiwa ni betri.

Mengi uliyoyaeleza yana mzizi mmoja. Gari lako halikutambui wewe, linaitambua rimoti. Ukijua rimoti iko wapi kila dakika, robo tatu ya usumbufu huu unaisha bila kufungua hata skrubu moja.

Ndani ya gari kuna antena ndogo kadhaa: kwenye milango, katikati ya sehemu ya kukaa, na nyuma karibu na bampa. Ukigusa kitufe cha kitasa, au mguu ukionekana chini ya bampa, antena ya upande huo inatoa mawimbi ya masafa ya chini ambayo kwa makusudi hayafiki mbali. Kitabu cha Nissan kinataja sentimita 80 hivi kutoka kwenye kitufe cha kitasa. Rimoti iliyo ndani ya eneo hilo inaamka na kujibu kwa mawimbi ya masafa ya juu. Gari likilikubali jibu hilo, linafungua. Wewe hujabonyeza chochote kwenye rimoti, lakini imefanya kazi mfukoni mwako au ndani ya mkoba. Ndiyo maana rimoti hizi zinamaliza betri haraka kuliko zile za zamani.

Sasa tuje kwenye maji. Kinachouona mguu si kamera. Nyuma ya plastiki ya bampa, magari mengi ya aina hii yana vipande viwili virefu vyembamba vya sensa, kimoja juu na kingine chini. Cha juu kinahisi ugoko, cha chini kinahisi unyayo, na kompyuta inataka vyote viwili vione kitu kikija karibu kisha kikirudi nyuma ndani ya muda mfupi. Paka akipita chini anagusa eneo la kimoja tu, kwa hiyo hakuna kinachotokea. Vipande hivyo vinapima jinsi hali ya umeme iliyovizunguka inavyobadilika kitu kikisogea. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, basi mpira wa maji ukielekezwa kwenye bampa, ukaondolewa, ukarudishwa, sensa inapata picha ile ile ya mguu unaoingia na kutoka.

Ila maji peke yake hayatoshi, lazima na rimoti iwe jirani. Kwa hiyo muulize kijana anaiweka wapi. Nina hakika utakuta iko mfukoni mwake, au ameiacha ndani ya gari ili asikilize redio, au imetundikwa msumarini barazani hatua mbili kutoka kwenye gari. Siku ya kuosha rimoti ibaki ndani ya nyumba, chumba cha mbali. Ukipeleka gari kwa waosha magari, huko lazima uwaachie rimoti kwa sababu watalisogeza, basi zima kabisa huduma ya buti la mguu kabla ya kushuka. Angalia upande wa kulia chini ya dashibodi kama kuna swichi yenye picha ya buti lililo wazi. Usipoiona, tafuta kwenye menyu ya kioo kidogo kilicho kati ya vipimo viwili vya mviringo mbele ya usukani. Kama maandishi ni ya Kijapani, simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera itakusomea.

Na ile rimoti ya msumarini iondolewe hata siku zisizo za kuosha. Ikikaa jirani na gari, viwili hivyo vinaweza kusemezana mchana na usiku, na betri zote mbili zinaumia.

Sasa tuangalie kwa nini sokoni buti linakataa. Wengi wanaufagiza mguu chini ya bampa kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu ndivyo matangazo yanavyoonekana kwa haraka. Sensa haitaki hivyo. Simama katikati ya buti, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mguu, unyayo unaingia chini ya bampa na ugoko unalisogelea bila kuligusa. Ingiza mguu moja kwa moja, utoe moja kwa moja njia ile ile, kwa mwendo mmoja mwepesi, halafu usimame na miguu yote miwili chini. Usiuache mguu ndani, na usipige mara tatu mfululizo ukiona limechelewa, maana linaweza kuisoma ya pili kama amri ya kusimama. Ukisikia mlio au taa za hazadi zikawaka, rudi nyuma hatua moja, buti linakuja upande wako. Nguo ndefu nayo inachangia: dera au kitenge kinachoburuzika kinaning'inia mbele ya sensa wakati wote, kisha mguu unapokuja hauleti mabadiliko ya kutosha. Kiinue kidogo kwa kiwiko.

Kama mwendo ni sahihi na bado linakataa, fikiria mkoba. Rimoti iliyobanwa kati ya simu na pochi yenye sarafu haisikii vizuri, na chaja ya kubebea inayofanya kazi ni kero nyingine kwa mawimbi haya. Ihamishie kwenye mfuko wa nje wa mkoba, peke yake. Umesema unapeleka gari sokoni. Kama jirani na hapo pana mnara wa redio au wa simu, jaribu mahali pengine kabla ya kuamini kuwa kuna hitilafu.

Baada ya hapo ndipo tunaliangalia bampa lenyewe. Matope yaliyoganda chini yake msimu wa mvua yanaipunguzia sensa uwezo, yaoshe. Chuma cha kuvutia tela au bomba la kinga lililofungwa nyuma linaweza kuivuruga kabisa. Swali kubwa zaidi ni hili: bampa la nyuma limewahi kugongwa na kunyooshwa, ama hapa ama kabla hujalinunua? Ninakutana na hili mara kwa mara. Fundi wa bodi analishusha bampa, analinyoosha, analipaka rangi safi kabisa, kisha analirudisha bila kuchomeka soketi ndogo ya sensa, au kipande cha chini kimechomoka kwenye vishikizo vyake na kinaning'inia. Kwako sensa inaonekana kuwa hai, kwa kuwa maji yanaiamsha, lakini kipande kilichohama mahali kinaweza kuona maji mengi na kisione mguu. Mwambie fundi wa umeme ashushe bampa, si wa mota. Aangalie vishikizo, soketi na kutu kwenye pini. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kuhusu safari ya stendi, gari lilifanya lilivyoundwa. Injini ikishawaka, gari halizimi kwa sababu rimoti imeondoka, na ni vizuri lisizime. Hebu fikiria betri ya rimoti ikifa ukiwa unalipita lori mlima Kitonga. Linachofanya ni kupiga mlio mlango unapofungwa na kuonyesha picha ya ufunguo kwenye kile kioo kidogo cha mbele ya usukani. Mlio huo usiuache upite. Ukiusikia baada ya mtu kushuka, usizime injini kwa sababu yoyote, mpigie simu, geuza. Pale kwenu weka utaratibu kwamba anayeshika usukani ndiye anayeshika rimoti, na akibadilika dereva rimoti inabadilika mkono kabla ya mlango kufunguliwa. Jambo hili lina upande mmoja wa hatari ambao watu hawaufikirii: ni rahisi kushuka na rimoti ukadhani umezima kumbe injini inanguruma. Kama mnalaza gari kwenye gereji iliyoshikana na nyumba, moshi wake una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua waliolala. Zima, sikiliza, ndipo ushuke.

Jifunze leo namna ya kuingia na kuwasha gari betri ya rimoti ikiisha, kwa sababu itaisha. Geuza rimoti, nyuma yake kuna kitufe kidogo cha kusukuma. Kisukume na uvute, utatoka ufunguo wa chuma. Huo unafungua mlango wa dereva kwa tundu la kawaida. King'ora kinaweza kulia, usihangaike nacho. Ingia, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe ndani ya sekunde 10 na gari litawaka. Linawaka kwa sababu ndani ya rimoti kuna chipu nyingine isiyohitaji betri, inapata umeme wake kutoka kwenye koili iliyozunguka kile kitufe. Fanya zoezi hili nyumbani ukiwa umetulia, na mumeo alifanye. Hakikisha pia kwamba ufunguo wa chuma upo kweli ndani ya rimoti na unazungusha kitasa. Magari yaliyopita mikono mingi mara nyingine yanakuja na rimoti tupu.

Dalili za betri inayokwisha ni kwamba unalazimika kuligusa gari kabisa ndipo lifunguke, au unabonyeza mara mbili mbili. Unapobadilisha, soma namba iliyochapwa kwenye betri ya zamani na ununue namba ile ile. Muuzaji atakuambia CR2025 na CR2032 ni kitu kimoja. Upana ni sawa, milimita 20 zote, lakini ya kwanza ina unene wa milimita 2.5 na ya pili 3.2. Nyembamba inaingia bila shida, rimoti inafanya kazi siku hiyo, halafu ukiiangusha au ikitikisika mkobani inapoteza mgusano na unadhani gari limeharibika. Shika betri mpya kwa kingo zake, usiiguse uso kwa vidole vyenye mafuta.

Jambo ambalo ningelitanguliza kuliko hata buti ni rimoti ya pili. Magari mengi ya mnada wa Japani yanafika bandarini na rimoti moja, na mwenye gari anaahirisha kutafuta nyingine mpaka hiyo moja inapotea. Ukiwa na moja nzima, kazi ni kuongeza. Ukiwa huna hata moja, kazi ni kubwa, ghali, na pengine gari libebwe mpaka kwa fundi. Usinunue rimoti kwa kuangalia sura. Gari lako ni la soko la Japani, rimoti zake zinatumia eneo la megahezi 315, wakati za Ulaya ziko 433.92. Kava linaweza kufanana kila kitu na zisielewane kamwe. Mpe muuzaji namba iliyo ndani ya rimoti yako, na uulize kama anayokupa imewahi kusajiliwa kwenye gari jingine, kwa kuwa nyingi zikishasajiliwa mara moja hazikubali tena bila kufunguliwa upya.

Fundi atachomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Kwa Nissan, usajili kwa kawaida unafuta funguo zote na kuanza upya, kwa hiyo peleka rimoti zote mlizonazo siku hiyo hiyo. Na hilo ni jema kwako: kama kuna rimoti ilibaki kwa mmiliki wa kwanza au mikononi mwa mtu yadi, inakufa hapo hapo. Kaa naye mpaka amalize na umwombe akuonyeshe kwenye skrini idadi ya funguo zilizosajiliwa. Zikiwa mbili ndizo zako, nenda nyumbani. Akikuambia anaweza kuifunga rimoti moja ndani ya dashibodi ili usipate shida tena ya kubeba, kataa moja kwa moja. Gari litaamini kwamba ufunguo uko ndani saa zote, na yeyote atakayeingia atabonyeza kitufe na kuondoka nalo.

Kama una watoto au wageni wenye watoto, nitaongeza hili kwa ufupi. Buti la umeme lina kinga ya kurudi juu likigusa kitu, lakini usiitegemee kwa vidole vya mtoto, hasa sentimita za mwisho linapojivuta kujifunga. Lifunge wewe ukiwa umesimama hapo, usilifunge kwa rimoti ukiwa mlangoni mwa nyumba. Na kama banda lenu lina dari fupi, lisimamishe buti kwenye urefu unaoutaka kisha shikilia kitufe kilicho kwenye ukingo wake sekunde kama 3 mpaka usikie mlio. Mengi yanaukumbuka urefu huo, hadi siku betri ya gari itakapochomolewa. Baada ya kuchomoa betri, lifunge buti kwa mkono mpaka lishike kabisa, ndipo mfumo ujue tena pa kuanzia.

Sasa wizi. Jirani yako anasema kweli. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walichapisha matokeo ya kujaribu magari 10 ya watengenezaji 8, na yote yalifunguka na kuwaka wakati rimoti iko mbali. Hawakuvunja siri yoyote ya rimoti. Mtu mmoja anasimama karibu na gari na kifaa, mwingine anasimama karibu na rimoti na kifaa cha pili, iwe ni ukutani mwa chumba unacholala au nyuma yako kwenye foleni ya benki. Vifaa hivyo vinayabeba mawimbi ya gari mpaka kwa rimoti, makumi ya mita, na gari linaamini kwamba mwenye ufunguo amesimama mlangoni. Kila namba inayotumwa ni halali, kwa hiyo hata mfumo wa kubadilisha namba kila mara hausaidii. Baadhi ya magari mapya yanapima muda ambao mawimbi yanachukua kwenda na kurudi, au yana rimoti inayolala ikiwa haitikisiki. Gari lako ni la kizazi kilichoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013, usilitarajie liwe na kinga hiyo.

Kwa huku kwetu lakini, ningeanza kumwogopa mwizi mwenye kifaa cha bei ndogo zaidi, yule anayeziba mawimbi kwenye maegesho. Unabonyeza kufunga huku unatembea, gari halijasikia, unaingia dukani na milango iko wazi. Kifaa chake hakihitaji ujuzi wowote na hakiachi alama. Kwa hiyo usigeuze mgongo kabla hujaona indiketa zikiwaka na kusikia kufuli zikigonga. Kuvuta kitasa kuhakikisha hakukupi jibu la uhakika kwenye gari la aina hii, maana rimoti iko mkononi mwako na katika magari mengine kuligusa tu kunafungua. Angalia pini za milango kupitia kioo, au mpe rimoti mwenzako asogee mbali kidogo, wewe ndiye uvute.

Nyumbani usiku rimoti zote mbili, ya zamani na hiyo mpya, ziwekwe mbali na mlango wa mbele na mbali na ukuta wa upande wa gari, ndani ya kitu cha chuma kinachofunga vizuri. Kuna vifuko vinavyouzwa kwa kazi hii, na kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana linaweza kutosha. Usiamini lolote kati ya hayo kabla ya kulijaribu: tia rimoti ndani, funga, beba kopo mpaka kwenye gari na ubonyeze kitufe cha kitasa. Mlango ukifunguka, kopo hilo halifai, izungushie rimoti karatasi ya foili ya jikoni mara kadhaa ndani yake, au tafuta kopo jingine, ujaribu tena.